Kitufe cha kijani na mizani ya uhuru

Kabla ya kura nzito kupigwa katika Baraza la Wawakilishi la New Hampshire, Marekani, mjumbe mmoja husimama na kumwuliza Spika swali ambalo mgeni angeliona la kitoto. Huwa katika sura hii: Mheshimiwa Spika, iwapo ninajua kwamba mswada huu utawabebesha wananchi gharama bila faida yoyote, je, sasa nitabonyeza kitufe cha kijani? Akikaa, wa upande wa pili husimama, na swali lake huishia kwenye kitufe chekundu. Kwa jina ni swali la utaratibu. Kwa kweli ni hotuba ya mwisho iliyovalishwa joho la swali, na kila mmoja ukumbini anajua hivyo. Lakini lina kazi: linawakumbusha wajumbe wanachokipigia kura. Kijani ni “ndiyo” kwa hoja iliyo mbele yao, si “ndiyo” kwa mswada. Na katika bunge hilo, mara nyingi hoja iliyo mbele yao ni ya kuuzika mswada.

Hapo ndipo kazi ya kuwapa wabunge alama za uhuru, yaani kuwapima kwa kura zao, inapoharibika mikononi mwa wengi. Mtu anapakua orodha ya kura, anahesabu nani alisema ndiyo na nani alisema hapana, anachora jedwali zuri lenye rangi, kisha anamtangaza mtetezi wa uhuru kuwa adui wake. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Ugumu uko katika yale yanayofanywa kabla ya hesabu.

New Hampshire ndiko mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu jimbo hilo dogo lina bunge kubwa kupita kiasi. Baraza la Wawakilishi lina viti 400 na Seneti ina viti 24. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 1.38 hivi, yaani mwakilishi mmoja kwa watu wapatao 3,400. Kuna kata za Dar es Salaam zinazozidi hapo mara kadhaa. Posho ya wabunge wa jimbo hilo iliwekwa ndani ya katiba tangu mwaka 1889: dola 200 kwa muhula wa miaka miwili, pamoja na nauli. Hakuna mbunge wa kawaida mwenye ofisi wala wasaidizi wa kumsomea miswada, na miswada inafika mamia kila mwaka. Kila mswada hupata kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, na kila mswada hurudi ukumbini na pendekezo la kamati. Mbunge mstaafu wa umri wa miaka 70, anayetoka shambani kwake alfajiri kwenda Concord, mji mkuu wa jimbo, hawezi kusoma yote. Pengo hilo ndilo linalojazwa na vikundi vya nje.

Kikundi kimoja, New Hampshire Liberty Alliance, kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 2003. Watu wake wa kujitolea husoma miswada, na siku ya kikao huwagawia wajumbe karatasi ya rangi ya dhahabu inayosema, mswada kwa mswada, kura ipi wanaiona inalinda uhuru na kwa nini. Baada ya mwaka wa kikao hutoa alama za kila mbunge kwa herufi, kuanzia A+ hadi F, na chini ya F wana daraja jingine la wale wanaowaita tishio kwa katiba. Nitarudi kwenye daraja hilo, maana silipendi. Ila karatasi ya dhahabu ni ufundi wa hali ya juu, na tutaona sababu yake.

Kwanza, uhuru gani? Neno hili kila mtu analivuta kwake. Kwenye vibao vya namba za magari ya New Hampshire imeandikwa kaulimbiu ya jimbo, ishi huru au ufe, maneno ya Jenerali John Stark ya mwaka 1809. Jimbo hilohilo lilimfunga siku 15 George Maynard, Shahidi wa Yehova, kwa sababu aliyafunika maneno hayo kwenye gari lake akakataa kulipa faini. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani iamue mwaka 1977 kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu kutembeza kaulimbiu asiyoiamini. Walioweka kaulimbiu ile walidhani wanautukuza uhuru. Maynard alidhani hivyo pia alipoifunika.

Kwa hiyo kipimo huandikwa kabla ya mswada wa kwanza kusomwa, na huandikwa kwa maswali yanayojibika. Je, mswada unaongeza au unapunguza mambo ambayo mtu mzima anaweza kuadhibiwa kwayo? Je, unaipa serikali nguvu ya kupekua, kukamata au kuhifadhi taarifa za mtu bila kibali cha hakimu? Je, unaweka sharti la leseni juu ya kazi ambayo jana mtu aliifanya bila kuomba ruhusa? Je, unaongeza kodi au ada? Je, unamwezesha mwananchi kujua serikali inafanya nini, au unamfungia mlango? Maswali matano au sita yanatosha. Yakifika ishirini, kila mswada utapata swali la kuupendelea na jingine la kuupinga, na mpimaji atarudi kwenye hisia zake.

Chukua leseni za kazi. Katika majimbo mengi ya Marekani, kusuka nywele kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya saluni, na saluni inahitaji leseni. Huko Utah msusi alitakiwa kukaa darasani saa 2,000, wakati mafunzo yenyewe yaligusa dawa za nywele, mikasi na mengine asiyoyatumia, huku ususi wenyewe hauonekani. Mwaka 2012 hakimu wa shirikisho aliitupa sheria hiyo katika kesi iliyofunguliwa na Jestina Clayton, aliyetoka Sierra Leone na kujifunza kusuka tangu utotoni. New Hampshire iliwaondolea wasusi sharti hilo kwa kura za bungeni mwaka 2017. Kwa kina mama wa Kikongo na Kirundi walioletwa kwenye miji ya jimbo hilo, Manchester na Concord, kama wakimbizi, wengi wao wakisema Kiswahili nyumbani, kura ya namna hiyo ina uzito kuliko maazimio kumi ya kuusifu uhuru. Nayo ni rahisi kuipima: swali la tatu linaijibu moja kwa moja, bila kuzunguka.

Mingine haipimiki hivyo. Mswada wa kuzuia utoaji mimba utawagawa hata watu wanaokubaliana juu ya silaha, kodi, bangi na upekuzi, kwa kuwa wanatofautiana juu ya nani ana haki katika jambo lenyewe. Kikundi chenye watu wa pande zote mbili hakina jibu la pamoja, na njia safi ni kuuacha nje ya hesabu na kusema wazi kwamba umeachwa. Kuuingiza kimyakimya upande mmoja ni kuwauzia wasomaji mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna ile miswada ya mzigo mchanganyiko. Mwaka 2021 mswada namba 2 wa Baraza, ambao husindikiza bajeti, ulibeba ndani yake kupunguzwa na hatimaye kufutwa kwa kodi ya riba na gawio, akaunti za elimu ambazo mzazi anazitumia nje ya shule ya serikali, marufuku ya kutoa mimba baada ya wiki 24, na mipaka ya yanayoweza kufundishwa kuhusu ubaguzi wa rangi na jinsia. Ukiupitisha kwenye maswali yetu, swali la kodi linasema pitisha, swali la adhabu linasema zuia, na kwenye ufundishaji jibu linategemea nani anauliza. Kura ya mwisho ya mswada wa namna hiyo haikuambii mbunge anaamini nini. Inakuambia alikuwa tayari kumeza nini. Dawa yake ni kurudi nyuma na kutafuta kura za majina zilizopigwa juu ya marekebisho, moja moja, kabla fungu halijafungwa. Marekebisho hayo ndiyo yenye habari. Mpimaji mvivu huchukua kura ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyoandikwa na magazeti.

Sasa twende ukumbini. Kura huko zina namna tatu. Ya sauti, ambapo Spika anasikiliza upande upi una kelele zaidi. Ya kuhesabu, ambapo vitufe vinabonyezwa na idadi inatangazwa lakini majina hayabaki kwenye kumbukumbu. Na ya majina, inayoingizwa jina kwa jina kwenye jarida rasmi la kikao, nayo hupatikana mjumbe akiiomba na wenzake wa kutosha wakimwunga mkono. Ni hii ya tatu tu inayomfaa mpimaji. Maana yake, kabla hujawapima wabunge, wabunge wenyewe wamekuchagulia mtihani. Mswada ambao viongozi wa pande zote mbili hawataki uonekane utapita kwa sauti. Ule ambao kamati imekubaliana juu yake unaweza kuingizwa kwenye orodha ya makubaliano, ile inayopitishwa fungu zima kwa mara moja asubuhi, na hakuna jina litakaloandikwa. Mjumbe mmoja anaweza kuomba mswada utolewe kwenye orodha hiyo ili ujadiliwe peke yake. Vikundi vinavyoijua kazi hii hutafuta mjumbe mapema, siku kadhaa kabla ya kikao, na kumwomba afanye mawili: autoe mswada kwenye orodha, kisha aombe kura ya majina. Anayesubiri mwisho wa mwaka ndipo afungue jarida atakuta mambo makubwa hayana jina hata moja.

Ukishapata kura za majina, andika hoja kando ya kila kura. Usiandike namba ya mswada peke yake. Pendekezo la kamati huwa ndilo hoja ya kwanza ukumbini. Kamati ikisema mswada “unafaa kupitishwa”, kijani kinaupitisha. Ikisema “haufai kutungiwa sheria”, kijani kinauua. Kuna “ukafanyiwe utafiti kati ya vikao”, ambayo katika mwaka wa pili wa muhula ni mazishi ya heshima. Kuna “uwekwe mezani”, hoja isiyojadiliwa, na wengi wanaoipigia kura hutaka mswada ufe bila wao kuonekana na kisu. Ndiyo maana jedwali la kazi linahitaji safu hizi, si pungufu: namba ya mswada, mwaka, tarehe, hoja yenyewe kwa maneno yake, upande wa uhuru (kijani au chekundu), sababu kwa sentensi moja, na uzito. Safu ya tano ndiyo inayokosewa. Watu wawili tofauti waijaze bila kuonana, kisha walinganishe. Kati ya kura hamsini mtakuta moja au mbili mmezigeuza kichwa chini miguu juu, na karibu kila mara itakuwa ile ya “haufai”.

Jingine la kutega ni hoja ya kufikiria upya. Aliye upande ulioshinda ndiye mwenye haki ya kuileta. Wakati mwingine mjumbe aliyeshindwa huhama dakika ya mwisho, akapiga kura na washindi makusudi, ili baadaye aombe suala lifunguliwe tena. Kwenye jedwali ataonekana amesaliti, kumbe anapigana. Kuna na kinyume chake: washindi wenyewe huleta hoja ya kufikiria upya na kuwaomba wenzao waikatae, kwa kuwa ikishakataliwa mlango umepigwa misumari. Kura hizi usizihesabu. Zipo nyingine za kutosha.

Na usihesabu mswada mmoja mara mbili bila kukusudia. Hoja ya “haufai” ikianguka, mara moja hufuata hoja ya “unafaa”, na watu walewale hupiga kura ileile kwa kitufe kingine. Hizo ni kura mbili kwenye jarida lakini swali ni moja. Ukiziingiza zote, mswada huo umeupa uzito maradufu bila mtu kuamua hivyo.

Sasa karatasi ya dhahabu. Ubora wake ni kwamba inatoka kabla ya kura. Mbunge anajua, akiwa na kitufe mkononi, kwamba kura hii inahesabiwa na upande upi unahesabiwa kuwa sahihi. Hapo hawezi kulalamika baadaye kwamba mtihani ulitungwa baada ya majibu kukusanywa. Mpimaji naye amefungwa mikono: hawezi kusubiri aone rafiki zake wamepigaje, kisha achague kura zinazowapendeza. Hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nikipewa karatasi mbili za alama, moja yenye hesabu ya kisasa na kura zilizochaguliwa mwezi Agosti baada ya kikao kufungwa, nyingine yenye hesabu ya vidole na kura zilizotangazwa kabla, naiamini ya pili. Asiye na watu wa kusimama mlangoni na karatasi anaweza kuweka orodha yake hadharani jioni ya kuamkia kikao, yenye saa na tarehe. Inafanya kazi ileile.

Baada ya hapo hesabu. Tuseme mwaka huu kuna kura 40 zilizopimwa. Mjumbe fulani amepiga upande wa uhuru mara 28, kinyume mara 6, na mara 6 hakuwepo. Ukiziondoa siku alizokosa, ana 28 kati ya 34, asilimia 82. Ukimhesabia kukosa kama kosa, ana 28 kati ya 40, asilimia 70. Ukitenganisha, tuseme siku 4 alipewa ruhusa ya Spika na 2 alitoweka tu, ukiziondoa zile 4 na kumhesabia zile 2, ana 28 kati ya 36, karibu asilimia 78. Mtu mmoja, mwaka mmoja, alama tatu. Kwenye kipimo cha herufi inaweza kuwa tofauti ya B na C.

Ipi ni sahihi? Chama cha Americans for Democratic Action, kinachowapima wabunge wa Washington tangu mwaka 1947 kwa mizani ya mrengo wa kushoto, huchagua kura 20, kila moja pointi 5, na asiyepiga kura hapati kitu. Ni njia rahisi lakini inamwadhibu aliyelazwa hospitali sawa na aliyekwepa. Kumwondolea kila aliyekosekana nako kunawapa nafasi wale wanaokwenda kunywa kahawa kura ngumu ikikaribia. Napendelea njia ya tatu, kwa kuwa jarida la New Hampshire linatenganisha mwenye ruhusa, asiyepiga kura, mwenye mgongano wa maslahi na anayekalia kiti. Wawili wa mwisho waondolewe kabisa: wa kwanza kati yao anafanya jambo jema, na mwenye kiti hapigi kura kwa kawaida.

Lakini kukosekana si jambo dogo, na mfano mmoja unatosha. Mwaka 2019 bunge hilo lilipitisha mswada namba 455 wa kufuta adhabu ya kifo, na Gavana Chris Sununu akaupigia veto. Kuitengua veto kunahitaji theluthi mbili ya waliopiga kura. Tarehe 23 Mei Baraza lilipiga 247 dhidi ya 123. Jumla 370, theluthi mbili yake ni 246.67, kwa hiyo zilihitajika 247, na 247 ndizo zilizopatikana. Sasa tia mtu mmoja zaidi, mmoja tu kati ya wale ambao hawakupiga kura siku hiyo, aje abonyeze chekundu. Jumla inakuwa 371, theluthi mbili ni 247.33, zinahitajika 248. Veto imesimama. Wiki moja baadaye Seneti ilipiga 16 kwa 8, kipimo kamili bila ziada hata moja, na adhabu ya kifo ikafutwa. Kila mpinzani aliyekosa kikao kile cha Mei aliusaidia upande asioutaka, na hakuna jedwali la kijani na chekundu litakalomwonyesha. Ndiyo sababu kando ya asilimia ya alama inafaa kuwe na safu ya pili: asilimia ya mahudhurio. Usizichanganye kuwa namba moja. Msomaji azione zote mbili.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2022 wa Baraza, hali ikawa kali zaidi: Republican 201, Democrat 198, na kiti kimoja kilichofungana kura hadi uchaguzi ukarudiwa. Hapo matokeo ya siku yalitegemea nani gari lake limekwama kwenye theluji.

Uzito. Mswada wa kubadilisha umbo la fomu na mswada wa kuruhusu polisi kuchukua mali ya mtu ambaye hajahukumiwa haviwezi kuwa sawa. Lakini uzito ni mahali pengine pa kuficha mkono. Mtu aliyepatia kura tisa ndogo na kukosa moja kubwa ana asilimia 90 ikiwa zote ni sawa. Ikiwa ile kubwa ina uzito wa 5, ana 9 kati ya 14, asilimia 64. Weka ngazi tatu tu, 1, 2 na 3, na uzito utangazwe pamoja na orodha, kabla ya kura. Uzito unaowekwa baada ya kura ni figisu hata kama nia ni njema.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kirahisi. Wapimaji wanapenda kura zilizokuwa karibu, 190 kwa 185, kwa sababu ndizo zenye joto. Tatizo ni kwamba kura nyingi za namna hiyo zinafuata mpaka wa vyama. Ukichagua ishirini, zote zinaukata ukumbi mahali palepale, na matokeo yake ni kwamba nusu wanapata karibu 100 na nusu karibu sifuri, katikati hakuna mtu. Msomaji anaona bunge la malaika na mashetani. Kwa kweli kuna watu wa katikati. Ni kisu chako tu hakikupita kwao. Tafuta kura zilizovuka vyama: upekuzi wa simu, mali iliyokamatwa na polisi, leseni za kazi, bangi, uwazi wa nyaraka za serikali. Hizo humkuta Democrat wa mjini na Republican wa kijijini upande mmoja, na ndizo zinazoonyesha nani anaupenda uhuru na nani anakipenda chama. Angalau theluthi ya orodha itoke huko. Kura za 340 kwa 12 nazo zisitupwe zote. Wale 12 ni watu wa kuangaliwa.

Kuhusu herufi: mipaka yake itangazwe mapema, na asilimia iandikwe kando, kwa sababu aliyepata 79.9 na aliyepata 80.1 ni mtu yuleyule. Lile daraja la chini ya F, la tishio kwa katiba, ni kosa la ufundi zaidi ya kosa la adabu. Alama inasema kura zimelingana kiasi gani na kipimo chako. Haisemi mtu ana nia gani. Ukishamwita mtu tishio, yeye na marafiki zake wataacha kuisoma karatasi yako ya asubuhi, na umempoteza hata katika ile kura moja ya msusi ambayo angekupa. Wengine watasema jina kali ndilo linalofanya magazeti yaandike. Ni kweli, hilo siwezi kulikana.

Kabla ya kuchapisha, mtumie kila mbunge ukurasa wake: kura zake zote, hoja, upande, sababu. Mpe siku kumi. Wachache watajibu, lakini wanaojibu watakukamata makosa halisi: jina linalofanana na la mwingine, mtu aliyeapishwa katikati ya muhula baada ya uchaguzi mdogo ukamhesabia kukosa kura ambazo hakuwa na kiti, kitufe kilichogoma na akasahihisha kwenye jarida siku hiyohiyo. Aliyepiga kura chache mno, tuseme chini ya theluthi ya zilizopimwa, usimpe herufi kabisa. Andika “kura hazitoshi”.

Msomaji wa Dodoma au Nairobi atauliza kama hili linawezekana kwake. Kwa Tanzania kikwazo kiko kwenye Hansard yenyewe, kumbukumbu rasmi ya Bunge. Waziri anatoa hoja, Spika anawahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, na maandishi yanabaki kwenye mabano: hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Na nani? Haijaandikwa. Kura ya bajeti mwezi Juni ndiyo wabunge huitwa jina mmoja mmoja, na mbunge anayejua kwamba akikoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti hana nafasi kubwa ya kukushangaza. Kenya kuna Mzalendo, tovuti ya kuwafuatilia wabunge iliyoanza mwaka 2005, ambayo huhesabu zaidi nani amezungumza bungeni na mara ngapi. Ni kipimo cha kazi, na kina thamani yake, lakini aliyesimama mara hamsini kutetea upekuzi bila kibali atakaa juu ya aliyesimama mara mbili kuupinga.

Hata hivyo kura za majina Kenya zipo, zikichapwa kwenye Hansard kwa orodha za waliokubali na waliokataa. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipigiwa kura mara mbili ndani ya siku tano: tarehe 20 Juni, kusomwa mara ya pili, 204 kwa 115, na tarehe 25 Juni, kusomwa mara ya tatu, 195 kwa 106. Kati ya hizo mbili kulikuwa na marekebisho, na kulikuwa na watu barabarani. Wapo waliokuwemo kwenye hesabu ya kwanza na hawamo kwenye ya pili. Mpimaji atakayeanza na mswada huo ataamua mapema kama hizo ni kura mbili au ni moja, na wale waliopungua atawaandika kwenye safu ipi.